Nani Aliyeua? Riwaya za Upelelezi na Msomaji wa Bogoro

Wasomaji wa Kiswahili tunaoishi ng'ambo tukikutana, mazungumzo ya vitabu hugeuka ubishi upesi. Mmoja atasema riwaya za upelelezi ni za kupotezea muda kwenye treni. Mwingine hataki kusikia habari za majini na nchi za angani. Hizo kwake ni hadithi za kulazia watoto. Wa tatu, mara nyingi kijana aliyesomeshwa kwa Kifaransa au Kiingereza, huuliza mbona Kiswahili hakina hadithi za kisayansi kama walizo nazo wenzetu. Mimi ni mtu wa Bogoro, kijiji cha Ituri, mashariki mwa Kongo, naishi Liège, Ubelgiji, na katika ubishi huo nasimama upande wa wapelelezi. Nina sababu, ila inabidi nianzie mbali kidogo.

Fantasia haikutufikia kwa sinema za Marekani. Pwani ilizijua hekaya za Alfu Lela Ulela kabla ya sinema kuwako, na waandishi wetu wa mwanzo walichota humo. Kusadikika ya Shaaban Robert, iliyotoka 1951, ni nchi iliyoko angani, na mambo ya utawala ambayo chini ya mkoloni yasingesemeka waziwazi yalisemwa huko juu. Mwaka uliofuata ikaja Adili na Nduguze: ndugu wawili wamegeuzwa manyani, na kila usiku Adili analazimika kuwachapa huku roho inamuuma. Anayesema hizo ni hadithi za watoto hajakaa na ukurasa ule wa mjeledi.

Mpelelezi alikuja baadaye, na alikuja kutoka Unguja. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi mwaka 1918, alikuwa mwandishi wa habari. Mswada wake wa Mzimu wa Watu wa Kale ulishinda shindano la uandishi la East African Literature Bureau la 1957–1958, ukachapishwa 1960. Humo ndimo tulimokutana na Bwana Msa na kiko chake. Watu husema ni Sherlock Holmes aliyevalishwa nguo za Kizanzibari, na kweli kile kiko kina asili ya London. Lakini tazama Abdulla alipoiweka maiti: kwenye mzimu, mahali panapoogopwa, ambapo ni rahisi kwa kila mtu kusema wazee wamekasirika na mambo yakaishia hapo. Bwana Msa hakubali. Anauliza nani alikuwa wapi, saa ngapi, na nani alifaidika. Mizimu haiui, aliyeua ana jina.

Baada yake mlango ukafunguka. Faraji Katalambulla akatoa Simu ya Kifo mwaka 1965. Elvis Musiba akamleta Willy Gamba katika Kufa na Kupona, 1974, na Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango. Gamba si mtu wa kukaa kitini na kuwaza. Ni jasusi, bastola iko kiunoni. Dar es Salaam tangu 1963 ilikuwa makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika, wapigania uhuru wakipita mitaani na maadui zao wakiwafuata, hivyo Musiba hakuhitaji kwenda mbali kutafuta visa. Kikosi cha Kisasi, ya 1979, inampeleka Gamba hadi Kinshasa. Kwa Mkongomani ni raha ya namna yake kuuona mji mkuu wake kwa macho ya kachero wa Kitanzania.

Vitabu hivyo vilisomwa mno, vikapasuka majalada kwa kuazimwa. Wataalamu wakaviita riwaya pendwa, wakaviweka kando ya riwaya dhati, zile zinazofaa kutahiniwa shuleni. Dharau tunayoisikia leo kwenye mazungumzo yetu ilitoka darasani, na wengi wanaoirudia hawajawahi kumsoma Musiba.

Sisi wa Ituri tuna shida nyingine. Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa, tunakisema sokoni, kanisani na nyumbani, lakini ukipanda madarasa kitabu ni cha Kifaransa. Kwa hiyo Mkongomani anayependa upelelezi huukuta kwa Kifaransa: Achille Ngoye, ambaye 1996 alikuwa Mwafrika mweusi wa kwanza kuchapishwa katika Série noire, mfululizo wa riwaya za upelelezi wa mchapishaji Gallimard, Bolya Baenga, au Georges Simenon, mzaliwa wa mji huu ninaoishi. Bwana Msa wengi tumemfahamu ukubwani, tukiwa tayari nje ya nchi.

Nami nilipomsoma, nilikuwa natoka Bogoro.

Kijiji chetu kiko kilomita kama 25 kusini mwa Bunia, kwenye barabara inayoteremka Kasenyi, Ziwa Albert. Alfajiri ya 24 Februari 2003 kilishambuliwa. Watu walikimbilia kambi ya wanajeshi iliyokuwa kwenye majengo ya shule, na wengi hawakutoka. Kwa miaka, ukiuliza nani aliyeua Bogoro, ulijibiwa kwa jina la kabila, Mhema au Mlendu kutegemea unamuuliza nani, au kwa neno moja tu: vita. Kana kwamba vita ni mvua, inanyesha yenyewe. Jibu hilo ni sawa kabisa na la kusingizia mizimu.

Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kule The Hague haikulipokea jibu hilo. Januari 2012 majaji walisafiri hadi Ituri, wakafika Bogoro yenyewe kupaona mahali pa tukio. Desemba mwaka huo Mathieu Ngudjolo, mmoja wa makamanda wawili wa wanamgambo walioshtakiwa kwa shambulio hilo, akaachiwa huru. Tarehe 7 Machi 2014 mwenzake, Germain Katanga, akatiwa hatiani, na ukisoma sababu utaona zinafuata njia ya silaha: zilitoka Beni kwa ndege hadi Aveba, zikagawiwa, zikatumika Bogoro. Alihukumiwa miaka 12. Hata hivyo majaji walikubali kwamba wanawake walibakwa na kufanywa watumwa, lakini wakaona haikuthibitika kwamba Katanga ndiye wa kujibu kwa hayo. Uhalifu umethibitishwa, wa kuubeba hakupatikana. Katika riwaya Bwana Msa angewaketisha wote sebuleni na kumaliza. Kule kwetu wapo wanawake ambao sura yao ya mwisho haijaandikwa.

Ndiyo maana siwezi kuuita upelelezi usomaji wa kupotezea muda. Unamzoeza msomaji kukataa jibu la jumla.

Kuhusu hadithi za kisayansi, kijana ana haki ya kulalamika, ila si kweli kwamba hatuna kitu. Katama Mkangi, mwanasosholojia wa Kenya aliyewahi kuwekwa kizuizini na serikali ya Moi, alitoa Walenisi mwaka 1995: mtu aliyehukumiwa anarushwa kwa chombo hadi dunia nyingine, yenye haki kuliko aliyoiacha. Uchache wa vitabu hivi naona unatokana na shule. Anayejifunza fizikia kwa Kiingereza au Kifaransa tupu hawezi kuota ndoto za mashine kwa Kiswahili bila kujilazimisha, na mchapishaji anayetegemea soko la shule hataki kubahatisha.

Anayetaka kuanza, aanze na Mzimu wa Watu wa Kale, kisha Kikosi cha Kisasi, kisha Walenisi. Nami nina ombi kwa vijana wa Bunia wanaoandika: tuleteeni kachero wa Ituri, azungumze Kiswahili chetu kama tunavyokizungumza, na kesi yake ya kwanza ianzie kwenye uwanja wa ndege wa Beni, pale shehena inapopakiwa na mtu anatia sahihi.