Ramani Kama Ushuhuda: Kulisoma Bara la Afrika kutoka Mkoa wa Mara

1. Utangulizi

Katika ofisi nyingi za sharika zetu hutundikwa ramani: ya Nchi Takatifu, ya safari za Mtume Paulo, au ya dayosisi na majimbo yake. Tumezoea kuzitumia kama vyombo vya kuonyesha mahali palipo. Makala hii inakusudia kueleza kwamba ramani hufanya zaidi ya hapo. Ramani ni ushuhuda, na kama ushuhuda wowote, yafaa aulizwe aliyeutoa: aliona nini, aliambiwa na nani, na alikuwa akimtumikia nani? Ili tusizungumze kwa ujumla mno, tutachukua eneo moja, yaani Musoma, Bunda na Butiama katika Mkoa wa Mara, na kuona jinsi jiografia, historia na utamaduni wa bara letu vinavyodhihirika humo.

2. Ramani katika Maandiko na katika Kanisa

Kuandika nchi si jambo geni katika Biblia. Katika Yos. 18:1-10 Yoshua anaagiza watu watatu kutoka kila kabila lililokuwa bado halijapata urithi waende kuitembea nchi na kuiandika kitabuni kwa mafungu saba, kisha kura ipigwe Shilo. Tuangalie utaratibu huo: kwanza kutembea, ndipo kuandika, ndipo kugawa, tena kila kabila lilikuwa na watu wake miongoni mwa waandishi.

Kanisa nalo lilichora. Katika mji wa Madaba, nchini Jordan, kuna sakafu ya kanisa ya karne ya 6 yenye ramani ya Nchi Takatifu iliyotengenezwa kwa vijiwe vya rangi. Mwaka 1581 mchungaji wa Kilutheri wa Ujerumani, Heinrich Bünting, alichapa ramani ya dunia yenye umbo la jani la sehemu tatu, yaani Ulaya, Asia na Afrika, na Yerusalemu katikati. Bünting alijua kwamba dunia haina umbo hilo, kwa maana katika kitabu hicho hicho aliweka pia ramani ya dunia iliyochorwa kwa kawaida ya siku zile. Ile ya jani ilikuwa ungamo la imani lililotolewa kwa njia ya mchoro.

3. Ziwa moja lililokuwa maziwa matatu

Ramani iliyoligeuza eneo letu kuwa habari ya dunia ilitoka mikononi mwa wamisionari. Johannes Rebmann na Jakob Erhardt walikuwa Wajerumani kutoka Württemberg waliotumwa Afrika Mashariki na chama cha kimisioni cha Kianglikana, Church Missionary Society. Rebmann ndiye aliyeandika habari za theluji ya Kilimanjaro mwaka 1848. Erhardt alikaa Tanga mwaka 1854 akiwahoji wafanyabiashara wa misafara. Ramani yao ilichapwa Ujerumani mwaka 1855, na mwaka uliofuata ikajadiliwa mbele ya chama cha wanajiografia mjini London. Ilionyesha bahari moja kubwa sana katikati ya bara, yenye umbo la konokono asiye na gamba. Wasomi wengine waliicheka.

Kosa hilo lilitokeaje? Wafanyabiashara waliotoka bandari za kaskazini, za kati na za kusini mwa pwani walisema kila mmoja kwamba njia yake ya kwenda bara huishia kwenye maji makubwa. Wote walisema kweli. Wachora ramani ndio waliounganisha ncha za njia hizo na kudhani kuwa ni maji yale yale, kumbe yalikuwa Viktoria, Tanganyika na Nyasa. Hata hivyo, ramani hiyo yenye kosa ilisaidia kuleta msafara wa Richard Burton na John Speke. Mwezi wa Agosti 1858 Speke alisimama karibu na Mwanza, akaliita ziwa kwa jina la malkia wake, ingawa wenyeji waliliita Nyanza na wafanyabiashara walilijua pia kwa jina la Ukerewe. Mwaka 1875 Henry Stanley alilizunguka kwa mashua, akipita pwani ambayo leo ni ya Bunda na Musoma, akathibitisha kwamba ni ziwa moja.

Hapa pana fundisho. Wenye habari walikuwa Waafrika na Waarabu waliozijua njia kwa miguu yao, lakini majina yaliyobaki kwenye karatasi ni ya waliokuja baadaye. Ghuba inayogusa Bunda bado inaandikwa kwa jina la Speke. Jina la Musoma, kwa upande mwingine, husimuliwa kwamba limetokana na neno la wenyeji, omusoma, lenye maana ya rasi. Na kweli mji umekaa juu ya ulimi wa nchi unaoingia ziwani. Jina la kwanza linamtaja mpita njia; la pili linaieleza nchi yenyewe.

4. Mstari uliochorwa kabla nchi haijatembewa

Mwaka 1886 Uingereza na Ujerumani zilipatana kuhusu mpaka unaoanza mlango wa mto Umba, ukipita kaskazini mwa Kilimanjaro, kisha ukienda moja kwa moja hadi mahali ambapo latitudo ya digrii 1 kusini hugusa pwani ya mashariki ya ziwa. Mapatano ya 1890 yaliuendeleza mstari huo kuvuka maji kuelekea magharibi. Oscar Baumann wa Austria alipita Ngorongoro na Serengeti hadi ziwani mwaka 1892, yaani baada ya mpaka kukubaliwa. Utaratibu wa Yoshua ulikuwa umepinduliwa: nchi iligawanywa kwanza, ikatembewa baadaye, na wenyeji hawakuwa na mwandishi hata mmoja.

Matokeo yake yanaonekana Sirari na Rorya. Wakurya na Wajaluo wako pande zote mbili. Koo za Wakurya kama Wanyabasi na Wabwirege zina watu Kenya na Tanzania. Upande wa magharibi wa ziwa, latitudo hiyo hiyo huacha kaskazini ya mto Kagera kipande cha ardhi ya Tanzania, na ndicho Idi Amin alichotangaza kukitwaa mwezi wa Novemba 1978, vita ikafuata.

Ni jambo la kutafakari kwamba aliyewasilisha azimio la kuiheshimu mipaka iliyorithiwa, katika mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika mjini Cairo mwezi wa Julai 1964, alikuwa mwana wa Butiama, Mwalimu Julius Nyerere, aliyetoka katika mkoa uliokatwa na mstari huo. Msimamo wake haukuwa kuisifu mipaka. Aliona kwamba kuichora upya kungezaa vita visivyokwisha.

5. Yasiyoandikwa katika ramani

Katika ramani za watalii, mashariki mwa Bunda na Butiama huonyeshwa rangi ya kijani iliyoandikwa Serengeti, kana kwamba hapakuwa na watu. Hifadhi hiyo ilianzishwa mwaka 1951. Mwanahistoria Jan Bender Shetler, katika kitabu chake cha mwaka 2007 juu ya Serengeti, ameonyesha kwamba wazee wa Waikoma, Wanata, Waikizu na majirani zao wana ramani nyingine, inayotunzwa kwa masimulizi: chemchemi, vilima, mahame, na mahali patakatifu panapoitwa misambwa. Eneo linaloonekana tupu katika ramani moja limejaa majina katika nyingine.

Vivyo hivyo kwa lugha. Kizanaki, Kijita, Kikwaya, Kiikizu na Kikurya ni za jamii ya Kibantu. Kijaluo ni ya Kiniloti. Ramani ya utawala hailionyeshi hilo.

Hata ukubwa wa bara hutegemea mchoraji. Mtindo wa Mercator wa mwaka 1569, uliotengenezwa kwa ajili ya mabaharia, huifanya Greenland ilingane na Afrika, ingawa Afrika ni kubwa kama mara 14. Mchungaji James Gall wa Edinburgh alipendekeza mwaka 1855 namna ya kuchora inayotunza ulinganifu wa maeneo. Arno Peters aliitangaza namna kama hiyo mwaka 1973, na makanisa mengi yakaipokea.

6. Fundisho kwa mhudumu

Kanisa nalo huchora mistari. Mwaka 2010 Kanisa Katoliki liliunda Jimbo la Bunda kwa kumega Jimbo la Musoma na lile la Mwanza, bila kufuata mpaka wa mikoa ya serikali. Sisi nasi hugawa sharika na mitaa. Kwa hiyo Yos. 22 inatuhusu. Makabila yaliyokaa ng'ambo ya Yordani yalijenga madhabahu makubwa, na ndugu zao wakajiandaa kwa vita. Walipoulizwa, walieleza hofu yao: kwamba siku moja watoto wa upande wa pili wangeutumia mto kuwa sababu ya kuwaambia watoto wao hawana fungu katika Bwana. Mto ulibaki mpaka, lakini madhabahu yale yakawa shahidi kwamba mpaka si mwisho wa ushirika.

Yafaa basi mchungaji anayepangiwa usharika mpya asitosheke na ramani iliyoko ofisini. Atembee na wazee, aulize majina ya vilima na visima, aandike ni nani walihamishwa na kutoka wapi, na ni ukoo gani umekatwa na mpaka wa mtaa. Kisha, kabla baraza halijachora mstari mpya, liulize kama wanaokaa mstarini wamo miongoni mwa waandishi. Mahali pengine swali hilo likiulizwa mapema huzuia ugomvi wa viwanja vya kanisa, na pengine huzuia jambo lililo zito zaidi, yaani watoto wa nyumba moja ya imani kuambiana kwamba hawana fungu.