Nani amemtuma mkaguzi?

Swali la leo ni dogo: mkaguzi wa mji akipiga hodi kwenye duka lako, nani amemtuma?

Tuangalie Miami, kule Marekani. Mwaka 2017, wafanyabiashara wawili, William Fuller na Martin Pinilla, waliunga mkono mpinzani wa Joe Carollo katika uchaguzi wa halmashauri ya mji. Carollo akashinda. Mwaka 2018 wakamshitaki, wakisema anawatumia wakaguzi kulipiza kisasi kwenye biashara zao za Little Havana. Yeye alikana: eti anatetea wakaaji. Juni 2023, jopo la raia mahakamani likawapa haki wafanyabiashara: alipe dola milioni 63,5.

Sasa, mshauri asiombe ukaguzi kamwe? Hapana. Wakaaji wanamwita juu ya makelele ao nyumba inayotaka kuanguka. Kupeleka malalamiko yao njo kazi yake. Sheria ya mji wa Miami inasema maombi yapitie kwa meneja wa mji, mshauri asiamuru mfanyakazi moja kwa moja. Lakini simu haiachi alama. Mimi nilisomea kilimo: sampuli ya udongo isiyo na jina la shamba wala tarehe, labo itakupa namba, ila haitakusaidia kitu. Ombi la ukaguzi ni vile vile. Liandikwe: nani ameomba, siku gani, sababu gani, na mkaguzi alikuta nini.

Mwaka 2021 jimbo la Florida lilienda mbali zaidi: kila mlalamikaji atoe jina na anwani, isipokuwa kuna hatari ya haraka. Hapo ninaona shida. Mpangaji anayeogopa kufukuzwa na mwenye nyumba atanyamaza, na ukuta utaendelea kupasuka. Mwenye cheo na mpangaji hawalingani. Jina la mwenye cheo liwe wazi. La mnyonge lilindwe.

Kwetu, tarehe 20 Disemba 2023, miji mikuu ya majimbo ilipiga kura hata ya washauri wa komini. Wengine kati yao ni walisansie kama sisi. Tuwaulize mapema: maombi yenu kwa wakaguzi yanaandikwa wapi, na raia anaweza kuyasoma? Wakijibu kwamba yanapita kwa simu tu, tujue kazi haijaanza.