Jina la Mwasisi: Tusi au Fahari?

Nkamba, kijiji kilichoko Kongo Central nchini Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, hukanyagwa kwa miguu mitupu. Mgeni awe mkubwa au mdogo, viatu huvua, maana kwa Wakimbangu, waumini wa kanisa la mwasisi Simon Kimbangu, hapo ni Yerusalemu Mpya. Miiko yao inajulikana: pombe hawanywi, sigara hawavuti, nguruwe na nyani hawali, na wanawake hufunika vichwa wakisali. Siku ya ibada utawaona katika nyeupe na kijani, tarumbeta zikilia. Utamu uko kwenye nsinsani, changizo la mashindano. Wanaume, wanawake na vijana huandamana kwa makundi, kwa mwendo wa bendi, hadi kwenye meza ya sadaka. Fedha huhesabiwa, na kundi lililopitwa hujipekua mifukoni likaenda tena.

Waumini hawa ukiwaita kwa jina la Simon Kimbangu hawanuni. Jina rasmi la kanisa lao lenyewe linamtaja, baada ya Yesu Kristo. Lakini jina hilo lilianza kama shtaka. Kimbangu alihubiri na kuombea wagonjwa kuanzia Aprili 1921. Septemba wakoloni wa Kibelgiji wakamtia mbaroni. Hukumu ya kifo iligeuzwa kifungo cha maisha, akafia kizuizini mwaka 1951 huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Kuitwa mfuasi wake kulitosha kuihamishia familia nzima mbali na kwao. Serikali ya kikoloni ilipolitambua kanisa mwaka 1959, waliolipata jina kwa mateso hawakuona sababu ya kulitupa.

Pwani ya Afrika Mashariki mambo ni tofauti. Wanaoitwa Mawahabi, kwa jina la mwanachuoni wa Kiislamu Muhammad ibn Abd al-Wahhab, wengi hulikataa. Hupenda kuitwa Answar Sunna au Masalafi. Kwao, jina hilo linawasingizia kwamba wanamfuata mtu badala ya Mtume. Martin Luther, mwanamageuzi wa Kikristo, naye aliwasihi wafuasi wake mwaka 1522 wasijiite kwa jina lake. Hawakumsikia, na leo Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania limeliandika kwenye vibao vyake bila haya.

Kwa hiyo jina la mwasisi halina ubaya wala heshima ya kuzaliwa nayo. Ukitaka kujua lipo upande gani, tazama wenyewe wanajiitaje wanapobatiza, wanapooa na wanapozika. Likitajwa humo, ni lao. Likisikika kwa wapinzani tu, anayeendelea kulitumia baada ya kukanywa anajua anachofanya.