Mbwa Kwenda Mombasa kwa Gari: Pesa Zako Ziende Wapi

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni kilomita 480 hivi, na njia kwa jumla ni ya kuteremka: unaiacha baridi ya mji ulio karibu mita 1,800 juu ya usawa wa bahari, unaingia kwenye joto la Tsavo, kisha unyevu wa Pwani. Wenye mbwa wakipanga safari hii ya Desemba, huanza kwa kuulizia bei ya kizimba. Mimi ningeanza na swali la bei nafuu zaidi: mbwa huyu ana haja ya kwenda?

Vituo vya kulea mbwa hutoza kwa usiku. Tuseme umetajiwa shilingi 1,500. Usiku kumi ni shilingi 15,000, na Pasaka utalipa tena. Jirani aliyezoeana na mbwa, ukimwachia chakula na shukrani ya maana, atakugharimu kidogo kuliko hapo. Kwa mbwa mzee, au mwenye pua fupi kama bulidogi, hilo ndilo chaguo ninalolipendekeza bila kusita. Mbwa wa pua fupi hushindwa kujipoza kwa kuhema, na Voi saa saba mchana inaweza kumuua.

Akiwa wa kwenda, shilingi ya kwanza ni ya daktari wa mifugo, tena mwezi mzima kabla ya safari, maana chanjo ya kwanza ya kichaa cha mbwa huhitaji wiki tatu hivi kujenga kinga. Ulizia ofisi ya mifugo ya kaunti yako: chanjo za bure mara nyingi hutolewa karibu na Septemba 28, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Nunua pia dawa ya kupe, na umuulize daktari kuhusu kinga ya minyoo wa moyo wanaoenezwa na mbu. Kinga hiyo ni gharama ndogo. Tiba ya minyoo hao ni ndefu, ghali na ya hatari.

Dawa ya kumlaza mbwa njiani usiinunue. Asepromazini, mojawapo ya dawa hizo, hushusha shinikizo la damu na kuuvuruga mwili usiweze kujirekebishia joto, na joto ndilo adui mkubwa wa safari hii. Kama tatizo ni kutapika, maropitanti humtuliza tumbo bila kumlaza. Ni ghali zaidi kwa kidonge, lakini unanunua kile unachokihitaji. Hata kabla ya hapo, jaribu njia isiyo na gharama: mlo mwepesi saa tatu au nne kabla ya kuondoka, na katika wiki zinazotangulia, safari fupifupi za mtaani ili alizoee gari.

Sasa kizimba. Cha plastiki kutoka nje ya nchi ndicho ghali, lakini ni chepesi, huoshwa kwa urahisi na hudumu miaka. Seremala wa mtaani atakutengenezea cha mbao kwa bei ya chini. Tatizo ni uzito, na mafundi wengi hubana matundu ya hewa. Msimamie: mbwa aweze kusimama, kugeuka na kujilaza, na hewa ipite pande zote. Chochote utakachochagua, kifunge kwa kamba imara ndani ya buti la gari kama Probox, kwa sababu kizimba kisichofungwa nacho huruka gari likifunga breki ghafla. Mwenye gari dogo na mbwa mmoja anunue mkanda wa kifuani unaoshikizwa kwenye mkanda wa kiti. Ni nafuu kuliko kizimba chochote, lakini mkanda wa kiti usiufunge kwenye ukosi wa shingoni. Kumpakia nyuma ya pikapu wazi hakugharimu kitu siku ya kuondoka, na njia hiyo nimeiondoa kabisa kwenye ulinganisho huu.

Usibane mafuta kwa kuzima kiyoyozi. Nje kukiwa na nyuzi 24 tu, gari lililofungwa hufika 34 kwa dakika kumi na 43 kwa nusu saa, kwa hiyo mkisimama Mtito Andei kula, mmoja wenu abaki na mbwa kivulini. Ondokeni alfajiri, mbebe dumu la maji ya nyumbani, na mumfunge mbwa kamba kabla mlango haujafunguliwa. Malori ya barabara ile hayasimami.

Gharama inayosahaulika ni malazi. Nyumba za kupangisha zinazopokea mbwa ni chache, na baadhi hudai amana au ada ya usafi, basi ulizia kabla ya kulipa chochote. Ukifikia kwa jamaa au rafiki, kumbuka kwamba Waislamu wengi wa Pwani ni wa madhehebu ya Shafi, ambayo huhesabu mate ya mbwa kuwa najisi: chombo alichokilamba huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Mpigie mwenyeji simu mapema na umpe nafasi ya kukataa bila kuona haya. Akikataa, rudi kwa yule jirani.