Asilimia ya Nini? Jumla Ndogo katika Majedwali ya Excel

Katika kazi zetu za isimu tunapenda kuandika asilimia. Lakini asilimia isiyotaja jumla yake haisemi kitu, na inaweza kuupa mji mmoja sifa isiyo yake.

Tuchukue mfano niliobuni ili hesabu iwe nyepesi. Tumenakili mazungumzo ya Kiswahili ya Lubumbashi na Bukavu, kila neno kwenye mstari wake, na safu tatu za maelezo: Mji, Asili na Aina. Lubumbashi ina maneno 800, na 120 kati yake ni ya Kifaransa. Bukavu ina maneno 200, na 50 kati yake ni ya Kifaransa. Swali: ni wapi wasemaji wanachanganya zaidi?

Ninaunda «tableau croisé dynamique». Kwenye mistari naweka Mji, kisha Asili. Kwenye thamani naweka idadi ya maneno. Nikichagua «% du total général», kila hesabu inagawanywa kwa 1 000: Kifaransa cha Lubumbashi ni 12%, cha Bukavu 5%. Inaonekana Lubumbashi inachanganya zaidi. Kumbe tumepima tu wingi wa maneno tuliyonakili kila mji.

Jumla tunayoihitaji ni ile ndogo, ya kila mji. Bonyeza thamani yoyote kwa kitufe cha kulia cha kipanya, fungua «Afficher les valeurs», kisha chagua «% du total de la ligne parente». Sasa Lubumbashi ni 15% na Bukavu 25%. Jibu limegeuka, ingawa hakuna neno hata moja lililobadilika. Mistari ya miji yenyewe itaonyesha 80% na 20%, kwa sababu mzazi wa mji ni jumla kuu.

Tukiongeza Aina chini ya Asili, tuwe macho. Tuseme kati ya maneno 50 ya Kifaransa ya Bukavu, 30 ni viunganishi kama «donc» na «mais». Chaguo lile lile litaandika 60%, maana mzazi sasa ni Asili. Tukitaka sehemu yake katika maneno yote ya Bukavu, tuchague «% du total du parent» na tutaje Mji kama msingi: tutapata 15%. Na kwa jumla kuu ni 3%. Viunganishi 30, asilimia tatu tofauti, zote sahihi. Kila moja inajibu swali lake.

Hatari nyingine ni kichujio. Ukificha maneno ya Kiswahili ili ubaki na ya Kifaransa tu, jumla ndogo zinahesabiwa upya kwa yale yanayoonekana, na Kifaransa kinakuwa 100% katika kila mji. Kwa hiyo mimi huhesabu kwanza, nikanakili matokeo pembeni, ndipo nichuje.

Wenzangu, tuandike swali kabla ya kufungua jedwali, na chini ya jedwali tutaje jumla: «asilimia ya maneno yote ya Bukavu, maneno 200». Mwalimu atakayesoma ataona mara moja tumegawanya kwa nini, na ataona pia kama maneno 200 yanatosha kuusemea mji mzima.