Stata mpya haikuponya kitu: ugonjwa ulikuwa kwenye ringi ya giaboksi

Asubuhi moja ya Januari, hapa Saint Louis Park, mji mdogo unaopakana na Minneapolis upande wa magharibi, mpwa wangu alinipigia simu kabla ya alfajiri. "Mjomba, shikamoo. Gari haitaki."

Gari yenyewe ni Dodge ya mizigo ya mwaka 1985, injini ya silinda 6, giaboksi otomatiki. Ndani yake anabeba ngazi na ndoo za rangi. Kazi yake ni kupaka nyumba za watu, na kwa kazi hiyo ndiyo anampelekea mama yake pesa Muscat kila mwezi. Mama yake ni dada yangu. Kwa hivyo gari ile ikilala, simu inalia kwangu.

Nikamwambia aipige stata tena. Ikasikika sauti ya chuma kusaga chuma, kama mtu anayeparua sufuria kwa kijiko. "Piga tena," nikasema. Mara ya nne ikashika, akaenda kazini, nami nikajiona fundi. Wiki nzima tukawa hivyo. Kisha nikampa shauri la pili, baya kuliko la kwanza: stata imekwisha, nunua mpya. Akanunua. Siku ya tatu ikasaga vile vile.

Gereji moja ikamwambia ama abadilishe giaboksi nzima na vyote vinavyoambatana nayo, ama auze gari chuma chakavu. Bei waliyotaja ilizidi thamani ya gari. Dada yangu kusikia akaanza habari za kuuza bangili zake. Wallahi nilifadhaika, kwani pesa za stata zilikuwa zimepotea kwa mdomo wangu, na huyu kijana hawezi kuniambia kitu kwa sababu mimi ni mjomba wake.

Basi tukafanya lile ambalo lilipasa kufanywa siku ya kwanza. Tulichomoa waya wa betri, tukafungua kile kibati chini ya kiungo cha injini na giaboksi, tukamulika tochi huku mmoja wetu akiizungusha injini polepole kwa spana. Meno mazuri, mazuri, halafu ghafla meno yaliyoliwa kama muhindi uliogugunwa. Tukaendelea kuzungusha. Mazuri tena, halafu mabaya. Mahali patatu kwa jumla, pamegawanyika sawasawa.

Hapo mwalimu ndani yangu akaamka. Injini ya silinda 6 ikizimwa haisimami popote tu. Mgandamizo wa silinda huisimamisha karibu na nafasi tatu zile zile katika kila mzunguko. Silinda 4 ina nafasi mbili, silinda 8 ina nne. Kwa hivyo miaka arubaini gia ya stata imekuwa ikipiga meno yale yale, na mengine yamekaa kama mapya. Ndiyo maana siku nyingine gari inawaka bila neno na siku nyingine inasaga. Na baridi ya hapa inazidisha, kwani mafuta ya injini yanakuwa mazito na betri inapoteza nguvu, basi jino lililobaki nusu linateleza. Tarehe 30 Januari 2019 kipimo cha hapa kilishuka hadi nyuzi 33 za Selsiasi chini ya sifuri. Nyinyi mlioko Dubai mnalia AC imeharibika!

Sasa hiyo ringi iko wapi? Kwenye gari ya gia za mkono imebanwa juu ya flaiwili. Kwenye otomatiki nyingi, Land Cruiser zenu zikiwemo, imo kwenye sahani ya chuma iliyofungwa kwa bolti nyuma ya injini, ikiliwa unabadilisha sahani yote. Lakini otomatiki za Chrysler za zamani, zile ziitwazo TorqueFlite, ringi imechomelewa juu ya torki konveta yenyewe, lile bakuli kubwa lililofungwa pande zote, lenye mafuta, linalopitisha nguvu ya injini kwenda kwenye giaboksi. Ndiyo maana ukiwa na haraka utaambiwa vyote vimekufa, na kumbe kilichokufa ni pete ya nje tu. Ringi peke yake tuliipata kwa wauza vipuri vya magari ya zamani. Tulihesabu meno mara mbili kabla ya kulipa.

Tulikwenda kwenye banda la Mkenya mmoja wa Nakuru, mchomeleaji kwa kazi yake, si mbali na ule mnara wa zege wa kuhifadhia nafaka uliojengwa 1899 hadi 1900, fahari ya mji huu. Kushusha giaboksi kulichukua siku nzima. Konveta lazima ishuke pamoja na giaboksi, ukizitenganisha hukohuko juu unaharibu vitu. Fundi akachora mstari kwenye konveta kuonyesha ringi ya zamani ilikaa wapi, akahesabu na kupima kila mahali palipochomelewa, kisha akakata zile weldi kwa grenda na kuigonga ringi taratibu kwa patasi butu mpaka ikatoka. Mpwa wangu akataka kuchukua tochi ya gesi aichome ringi mpya ipanuke. Nikamshika mkono.

Katika shule ya sekondari ya misheni nilikosoma, Bruda wa fizikia alikuwa na tufe la shaba na pete. Tufe likiwa baridi linapita, likipashwa moto linakwama. Nami nimelifundisha jambo hilo miaka mingi, nikidhani ni la mtihani tu. Meno ya ringi yamekomazwa kwa moto maalumu, ukiyachoma ovyo yanalainika na kazi yote ni bure. Maji yanayochemka yanatosha. Chukua ringi ya kipenyo cha sentimita 30, ipashe kutoka nyuzi 20 hadi 100, inapanuka kiasi cha milimita 0.3, unene wa karatasi tatu hivi. Tukaazima sinia pana la pilau kwa mke wa fundi (alituangalia vibaya), tukaichemsha ringi dakika nane. Konveta tulikuwa tumeiacha nje kwenye theluji isinyae. Ringi ikadondoka mahali pake kama kofia kichwani, na kabla hatujasema alhamdulillahi ikawa imebana, haigeuki.

Kuchomelea hatukugusa. Fundi alitumia weldi ya umeme, si gesi, akaweka kiasi kile kile mahali pale pale pa zamani, mara upande huu, mara upande wa pili, ili bakuli lisipinde wala lisiwe zito upande mmoja. Lingekosa mizani, gari nzima ingetetemeka.

Wakati wa kurudisha ndipo nilipoogopa zaidi. Konveta lazima iingie mpaka mwisho ishikane na pampu ya giaboksi. Ukifunga bolti kabla haijaingia, unaivunja pampu. Tuliizungusha na kuisukuma mpaka tukasikia imeshuka hatua ya mwisho. Tukaweka na sili mpya ya mbele, maana ni upuuzi kushusha giaboksi yote ukabakisha sili ya zamani.

Pesa za stata nimemrudishia. Alikataa, nikamwachia kwenye kiti cha gari.

Asubuhi ya kwanza dada yangu alitaka asikie kwa masikio yake, basi tukampigia WhatsApp, mpwa wangu akageuza ufunguo. Stata za Chrysler za miaka ile zina gia ya kupunguza mwendo ndani yake, zinalia kwa sauti nyembamba ya peke yake. Injini ikawaka papo hapo. Muscat kukawa kimya kidogo.

"Mbona inalia hivyo?" akauliza dada. "Bado mbovu?"