Moto ndani ya ndege

Moto ndani ya ndege ni moto, au dalili ya moto kama vile moshi, harufu ya kuungua au joto lisilo la kawaida, unaotokea katika sehemu ya abiria, chumba cha marubani au sehemu ya mizigo wakati ndege iko safarini. Ni miongoni mwa hatari zinazoogopwa zaidi katika usafiri wa anga, kwa kuwa watu hawana pa kukimbilia na gari la zimamoto haliwezi kufika. Kazi ya zimamoto hufanywa na wahudumu wa ndege, ambao abiria wengi huwafahamu kwa kugawa chakula na vinywaji tu. Kwa kweli huduma hiyo ni nyongeza: sheria za usafiri wa anga zinawataka wawemo ndani ya ndege kwa ajili ya usalama, na mafunzo yao ni pamoja na kuzima moto halisi na kupita katika chumba kilichojaa moshi.

Wakati ulio mfupi

Ndege inayoruka kwenye kimo cha mita 10,000 haiwezi kutua papo hapo. Hata kama kiwanja kiko karibu, rubani anahitaji dakika nyingi kuteremka, kupunguza mwendo na kujipanga na njia ya kutulia. Tarehe 2 Septemba 1998 marubani wa ndege ya Swissair namba 111, iliyotoka New York kwenda Geneva, walisikia harufu isiyo ya kawaida katika chumba chao. Takriban dakika 21 baadaye ndege ilianguka baharini karibu na Nova Scotia, Kanada, na watu wote 229 wakafariki. Moto ulikuwa umeanzia juu ya dari, katika nyaya za umeme, ukashika vitambaa vya kuzuia joto na kusambaa mahali ambapo hakuna jicho lililoweza kuuona.

Ndiyo sababu wahudumu hufundishwa kuihesabu kila harufu ya kuungua kuwa ni moto mpaka ithibitike kuwa sivyo. Mara nyingi huwa ni mkate uliosahauliwa katika oveni ya jikoni au taa iliyochakaa, na hakuna aibu yoyote katika kuchunguza jambo likaonekana dogo.

Jambo la pili ni moshi wenyewe. Plastiki, sponji za viti na mazulia vinapoungua hutoa gesi za sumu, zikiwemo monoksidi ya kaboni na sianidi ya hidrojeni. Mtu anaweza kupoteza fahamu kabla mwali haujamfikia.

Msomaji anaweza kuuliza: je, zile barakoa za oksijeni zinazoning'inia kutoka darini hazitasaidia? Hazisaidii. Zimetengenezwa kwa ajili ya upungufu wa hewa ndege inapotoboka, na huchanganya oksijeni na hewa ya ndani ya ndege, kwa hiyo abiria angevuta moshi uleule. Tena oksijeni huchochea moto. Palipo na moshi, abiria huambiwa wainame na kufunika pua na mdomo kwa kitambaa, hasa kilicholowa maji.

Jinsi wahudumu wanavyogawana kazi

Mhudumu anayegundua moto ndiye mzimaji wa kwanza. Huchukua mtungi wa kuzimia moto ulio karibu na kuanza kazi mara moja, bila kungoja ruhusa. Mwenzake hupiga simu ya ndani kwa marubani na kueleza moto uko wapi, moshi una rangi gani, una harufu ya nini na nini kimefanyika, kisha huendelea kuwapa habari. Wa tatu huleta mitungi mingine, huondoa abiria walio karibu na kuwa tayari kumpokea mzimaji akichoka. Katika ndege ndogo yenye mhudumu mmoja tu, mambo hayo yote ni yake, na hapo abiria anaweza kuombwa kusaidia.

Mzimaji huvaa kofia maalumu inayofunika kichwa chote na kumpa hewa safi kwa muda wa kama dakika 15. Akifika kwenye mlango uliofungwa, kwa mfano wa choo, hauvuti wazi. Kwanza huugusa kwa upande wa nyuma wa kiganja, kuanzia chini kwenda juu. Ukiwa wa moto, huufungua kidogo tu, kiasi cha kupitisha mdomo wa mtungi, hupuliza dawa ndani na kuufunga tena. Sababu yake inafundishwa darasani: moto unahitaji joto, kitu cha kuungua na oksijeni, na kufungua mlango ni kuuletea oksijeni.

Dawa iliyotumika kwa miaka mingi ni haloni, ambayo hukatiza mmenyuko wa kemia wa moto na haiachi unga unaoharibu vyombo vya umeme. Lakini haloni huharibu tabaka la ozoni, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1987 nchi zilizoendelea ziliacha kuitengeneza kufikia 1994. Usafiri wa anga uliruhusiwa kuendelea kutumia akiba iliyopo huku dawa nyingine zikiingizwa polepole.

Choo kama chanzo cha moto

Tarehe 11 Julai 1973 ndege ya Boeing 707 ya shirika la Varig kutoka Rio de Janeiro ilishika moto katika choo cha nyuma ikikaribia Paris. Marubani waliitua shambani kabla ya kufika kiwanjani. Watu 123 walifariki, wengi wao kwa moshi. Ilidhaniwa kuwa kipande cha sigara kilitupwa katika pipa la taka.

Hadi leo mlango wa choo cha ndege una kisahani cha majivu, hata katika ndege mpya ambazo kuvuta sigara ndani yake ni marufuku kabisa. Watu huicheka kanuni hii, lakini ina mantiki: mtu atakayevunja sheria lazima apate mahali pa kuzimia sigara pasipo na karatasi.

Ajali iliyobadilisha mengi zaidi ni ya Air Canada namba 797, tarehe 2 Juni 1983. Ndege ya DC-9 ilikuwa na watu 46, ikitoka Dallas kwenda Toronto. Kabla ya dalili yoyote ya moshi, swichi za kinga za mota ya choo cha nyuma zilijikata, na marubani wakadhani mota imekwama tu. Dakika chache baadaye abiria alisikia harufu ya ajabu. Mhudumu alifungua choo akakuta moshi bila mwali. Mwenzake aliona moshi mweusi ukitoka katika maungio ya kuta, akapuliza mtungi wake wa kabonidioksidi kwenye kuta hizo. Moto ulikuwa nyuma yake, mahali dawa haikufika. Kwa muda moshi ulionekana kupungua, na habari hiyo ya matumaini ilifika kwa rubani. Dakika zilizopotea hapo hazikurudi.

Wahudumu waliwahamishia abiria viti vya mbele, wakagawa taulo zilizolowa, na kuwaonyesha baadhi yao jinsi ya kufungua milango ya juu ya mabawa. Ndege ilitua karibu na Cincinnati ikiwa imejaa moshi. Milango ilifunguliwa, na katika muda wa kati ya sekunde 60 na 90 hewa iliyoingia ililipua moto sehemu yote ya abiria. Watu 23 waliokuwa bado ndani walifariki. Wapo walionusurika kwa kuwa walifuata sauti, au upepo mdogo wa mlango ulio wazi, kwa maana hawakuona chochote.

Kanuni zilizofuata Marekani, na baadaye kwingineko, zinaonekana katika kila ndege kubwa ya abiria: kengele za moshi chooni, pipa la taka lenye kizima moto kinachojifungulia chenyewe, vitambaa vya viti vinavyochelewesha moto, na taa za sakafuni zinazoelekeza mlangoni pale moshi unapofunika taa za juu.

Kutua hakutoshi

Miaka mitatu kabla ya hapo, tarehe 19 Agosti 1980, ndege ya Saudia namba 163 iliyotoka Riyadh kwenda Jeddah ilirudi na kutua salama Riyadh baada ya moto kugunduliwa sehemu ya nyuma. Haikusimama mara moja, injini hazikuzimwa mapema na milango haikufunguliwa kwa wakati. Watu wote 301 walifariki ndani ya ndege iliyokuwa tayari ardhini. Ajali hiyo hutumiwa katika mafunzo kueleza kwa nini marubani na wahudumu wanapaswa kukubaliana kabla ya kutua ni nani atatoa amri ya kutoka, na kwa nini siku hizi mhudumu huruhusiwa kuanza kuwatoa watu mwenyewe akiona hatari iliyo wazi.

Betri za lithiamu

Siku hizi hofu kubwa imehama kutoka sigara kwenda betri za lithiamu za simu, kompyuta mpakato, sigara za kielektroniki na pawabanki. Betri iliyobanwa, iliyotoboka au iliyotengenezwa vibaya inaweza kuanza kupata joto ambalo linajiongeza lenyewe: seli moja huiwasha ya pili, nayo huiwasha ya tatu. Haloni huua mwali lakini haipoozi seli. Kwa hiyo mhudumu akishazima mwali humwagia kifaa maji, au kinywaji chochote kisicho na kileo, na kuendelea kumwaga. Barafu haifai, kwani hukifunika kifaa na kuzuia joto lisitoke. Kifaa hakisogezwi mpaka kipoe, kisha hutumbukizwa katika chombo cha maji na kuangaliwa hadi mwisho wa safari.

Simu ikidondoka katikati ya viti vinavyojikunja, usikisogeze kiti kuitafuta. Mwite mhudumu. Vyuma vya kiti vinaweza kuiponda betri na kuanzisha yaleyale.

Tarehe 28 Januari 2025 ndege ya Air Busan ilishika moto ikiwa bado kwenye kiwanja cha Gimhae, Korea Kusini. Moto ulianzia katika kabati la mizigo juu ya viti, na uchunguzi ulionyesha kuwa huenda ulisababishwa na pawabanki. Watu wote walitoka, lakini ndege iliteketea sehemu kubwa ya paa. Baada ya hapo Korea Kusini na mashirika kadhaa ya Asia yalizuia pawabanki kuwekwa katika makabati hayo, ili iwe mahali inapoonekana.

Wasafiri wengi hushangaa kwamba kitu cha hatari namna hii kinakatazwa katika begi la chini na kuruhusiwa mkononi. Tarehe 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS namba 6, iliyobeba shehena yenye betri nyingi za lithiamu, ilishika moto muda mfupi baada ya kuondoka Dubai. Marubani wote wawili walifariki. Hapakuwa na mtu wa kuufikia moto ule. Juu, karibu na abiria, yupo mhudumu mwenye mtungi na maji.

Kikomo cha kawaida ni wati-saa 100 kwa betri moja. Kati ya 100 na 160 kibali cha shirika kinahitajika, na zaidi ya 160 hairuhusiwi. Pawabanki nyingi huandikwa kwa miliampia-saa. Gawa namba hiyo kwa 1,000 kisha zidisha kwa volti 3.7. Ya 20,000 ina wati-saa 74, nayo inaruhusiwa. Ya 30,000 ina 111, nayo inahitaji kibali. Katika ndege ndogo, zikiwemo nyingi za safari za ndani Afrika Mashariki, begi la mkononi huweza kuchukuliwa mlangoni na kupelekwa chini kwa kukosa nafasi. Hapo pawabanki na betri za akiba hutolewa kwanza na kubaki na mwenyewe.